Mutamaiyu Unaponyauka Uani: Chimba Kwanza, Maji Baadaye

Juni 2024, majuma machache baada ya ile mvua kubwa ya Aprili na Mei, mutamaiyu wetu, yaani mzeituni mwitu, hapa Utawala, mashariki mwa Nairobi, ulianza kulegeza majani. Ulikuwa na miaka mitatu ardhini, umenipita kimo, na ulikuwa umevuka ukame wa 2022 bila kupoteza hata tawi. Nikaona majani yameinama na kukunjamana kingoni, nikasema mti una kiu. Nikaumwagia mtungi wa lita 20. Siku tatu baadaye nikaongeza mwingine. Kufikia mwisho wa mwezi majani yalikuwa yamepauka, na nilipolishika shina nikalitikisa, liliyumba kama mwiko ndani ya uji.

Tulipouchimba, shimo lilinuka mtaro. Kwenye kina cha futi mbili maji yalikuwa bado yamesimama, ilhali ardhi ya juu ilikuwa imekauka na kuanza kupasuka. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Nilivuta mmoja kwa vidole viwili, ganda likabanduka lote likabaki mkononi mwangu, ndani pakabaki uzi mwembamba kama wa katani. Mti unaostahimili ukame ulikuwa umekufa maji, na miye ndiye niliyekuwa nikiuongezea.

Tangu siku hiyo, mtu akinieleza shida ya mutamaiyu wake, kabla ya lolote humwuliza: umechimba ukaona? Mutamaiyu wenye kiu na mutamaiyu uliozama hufanana kabisa kwa juu. Yote miwili hulegea, hugeuka manjano, hudondosha majani. Jibu liko chini, na kulipata unahitaji jembe na dakika kumi tu.

Kwanza, je, ni mutamaiyu kweli?

Wakikuyu huuita mutamaiyu, Wamaasai oloirien, na kwa Kiswahili ni mzeituni mwitu. Kitaalamu ni Olea europaea, nususpishi cuspidata, yaani ni ndugu wa damu wa mzeituni wa Bahari ya Kati, ila matunda yake ni madogo kama punje za mbaazi na hayana nyama ya maana. Ni mti wa asili wa hapa hapa: ndani ya msitu wa Karura umesimama pamoja na mihugu na mikinduri.

Geuza jani. Juu liwe kijani kibichi cha kung'aa, jembamba, lenye ncha; chini liwe na rangi ya fedha au ya dhahabu iliyofifia, kama limepakwa vumbi lisilofutika. Vumbi hilo ni magamba madogo mno yanayozuia maji yasipotee, na ndiyo siri mojawapo ya mti huu kuvumilia kiangazi. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Kama jani ni kubwa, na chini ni kijani kitupu, huenda umeuziwa loliondo, ndugu yake wa misitu ya mvua. Huo ni mti mzuri, lakini ukiuacha bila maji Januari na Februari huku Embakasi utakulilia, na hakuna ushauri wangu hapa chini utakaoufaa.

Majani yanalegea na kugeuka manjano

Hii ndiyo shida inayoletwa na watu wengi, na ndiyo iliyoniulia mti, kwa hiyo nitakaa hapa.

Piga kishimo sentimita 40 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 30. Usichimbe karibu zaidi, utakata mizizi bure. Chota udongo wa chini kabisa, uufinyange kiganjani. Ukifanyika donge linalong'aa na kunata, halafu ukanuka kama yai viza au mtaro, mti umezama. Ukimong'onyoka kama unga, au ukitoka vipande vigumu kama vigae, mti una kiu. Usiamini uso wa ardhi. Udongo mweusi wa upande wetu, Utawala, Embakasi, Syokimau mpaka Kitengela, hupasuka juu nyufa za kuingiza mkono huku chini kukiwa bado ni tope.

Kwa nini mti uzame mahali palipo na ukame nusu ya mwaka? Kwa sababu ya shimo. Hivi ndivyo tunavyopanda wengi wetu: tunachimba shimo kubwa kwenye udongo mweusi kwa sururu, tunautupa ule udongo, tunaleta lori la udongo mwekundu kutoka pande za Kiambu, tunachanganya na samadi, tunajaza. Mche unafurahi. Kuta za shimo lile ni mfinyanzi usiopitisha maji, na ndani kuna udongo mwekundu unaoyapokea kwa urahisi. Umeitengenezea mvua ndoo. Miaka ya ukame ndoo hiyo inausaidia mti, na ndiyo maana wangu ulinawiri 2022. Ikija masika ya nguvu, maji ya kiwanja kizima hukimbilia humo, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji hata yakiwa tele. Basi majani yanaonyesha kiu katikati ya maji.

Mti ukiwa bado una matawi mabichi, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, una nafasi. Acha kumwagilia mara moja. Ondoa matandazo ili ardhi ipumue. Chimba mfereji mwembamba kutoka ukingoni mwa shimo kuelekea upande ulioinama, kina chake kilingane na kitako cha shimo ikiwezekana, ujaze kokoto. Usiweke samadi wala mbolea yoyote kwa wakati huo. Mizizi migonjwa haili. Mche ulio chini ya mita moja ni afadhali uung'oe na bonge lake la udongo, ukate mizizi iliyooza, uupande upya juu ya tuta.

Tuta ndilo jibu la udongo mweusi, na natamani ningeambiwa mapema. Lundika udongo mpaka kimo cha nusu mita, upana wa karibu mita mbili, kisha panda juu yake. Ule udongo mwekundu wa lori una kazi yake, lakini kazi hiyo iko juu ya ardhi. Kama hujui ardhi yako inapitisha maji kiasi gani, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, ulijaze maji, yaishe, ulijaze tena, halafu pima kwa rula. Maji yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa moja, usipande ndani ya shimo mahali hapo. Wa udongo mwekundu, Loresho, Uthiru, Karen na kwingineko, kwa kawaida hawana mashaka haya, isipokuwa mahali fundi alipopakanyaga kwa lori za mchanga na mawe wakati wa ujenzi.

Ukikuta ni kiu kweli, mara nyingi ni mche ambao haujamaliza mwaka. Sifa ya kustahimili ukame ni ya mti ulioshusha mizizi chini. Mche wa kitalu hauna mizizi hiyo bado. Mwaka wa kwanza, wakati hakuna mvua, mpe lita 20 kwa wiki kwenye udongo mwekundu, na kila siku kumi hadi kumi na nne kwenye ule mweusi, kwa mara moja, polepole, kwenye duara lililo mbali kidogo na shina. Kikombe kimoja kila jioni kinalowesha uso tu na kuifundisha mizizi kubaki juu. Mwaka wa pili, mara mbili kwa mwezi. Kuanzia wa tatu, uache ujitafutie. Mgao wa maji ukibana, maji ya kuoshea mboga yanafaa, na suuza la mwisho la nguo pia. Yale ya kwanza yenye sabuni ya unga yamwage kwingine.

Na ukikuta udongo uko sawa, unyevu wa wastani, hauna harufu, basi tazama ni majani gani yanayogeuka. Yakiwa ni ya ndani, ya zamani, huku ncha za matawi zikiwa na majani mapya yenye afya, mti unabadilisha nguo tu. Jani la mti huu hukaa miaka miwili au mitatu kisha hudondoka. Mti kuitwa usiopukutika hakuna maana kwamba hauangushi jani.

Ncha za majani zimeungua

Kingo na ncha zikikauka rangi ya kahawia huku katikati kukibaki kijani, ulizia maji yanatoka wapi. Visima vingi virefu vya Nairobi vina chumvi za magadi na floraidi, ile ile inayotia meno ya watoto madoa. Tazama birika lako na ndoo ya bustani: ukiona utando mweupe, utando huo huo unajikusanya kwenye udongo. Magadi hufanya ubaya mara mbili, kwani huunguza majani na pia hufunga mfinyanzi ukawa mgumu zaidi kupitisha maji.

Kinga maji ya mvua. Hata pipa moja chini ya mfereji wa paa linatosha miche miwili mitatu. Kama umekuwa ukitumia kisima mwaka mzima, masika yakianza acha mvua ioshe udongo, na uhakikishe maji yana njia ya kutoka. Sababu nyingine ya kuungua ni samadi ya kuku ikiwa mbichi. Ina moto. Iozeshwe miezi mitatu, na hata hapo iwe kidogo. Mutamaiyu si sukuma wiki.

Haukui

Huu ni mti wa polepole. Mbao yake ni nzito na ngumu kwa sababu haina haraka, ndiyo maana fimbo na mkaa wake husifiwa hata ukakatwa kupita kiasi mashambani. Julai na Agosti, wakati wa mawingu na baridi, husimama kabisa. Ukiongeza futi moja kwa mwaka katika miaka ya mwanzo, nashukuru. Usiulinganishe na mgrevilea wa jirani.

Lakini usipochipua jani jipya hata moja baada ya misimu miwili ya mvua, kuna jambo. Fukua kwa vidole kwenye kitako cha shina. Unatakiwa uone shina likitanuka kuwa mizizi karibu kabisa na uso wa ardhi. Ukishuka sentimita kumi na bado ni shina lililonyooka kama mti wa fagio, ulipandwa chini mno. Ondoa udongo taratibu mpaka shingo ionekane.

Kosa la pili liko kitaluni. Nilipokwenda kununua mche wa pili, kando ya Barabara ya Kiambu, nilimwomba mzee mwenye kitalu anionyeshe mizizi.

"Mama, nikichana karatasi mche utaumia."

"Mzee wangu, nitaulipia hata ukiumia. Wa kwanza ulinifia, nataka nijue."

Alinitazama, akachukua wembe, akachana karatasi ya mche mrefu niliokuwa nimeuchagua, wa kimo cha kifua. Chini mizizi ilikuwa imejizungusha mara tatu, minene kama kidole changu kidogo, imekazana kama kamba ya ndoo. Akaigusa kwa kidole gumba. "Huu umekaa hapa sana," akasema. "Chukua ule mdogo." Mdogo ulikuwa haujafika magotini, wa bei ya chini, na mizizi yake ilikuwa imenyooka. Namheshimu mzee yule mpaka leo.

Mizizi iliyojizungusha haijifungui yenyewe. Huendelea kunenepa ikijinyonga, na mti hukaa vile vile miaka kumi au huanguka na upepo. Wakati wa kupanda, chana bonge la udongo pande tatu kwa kisu kikali na ukate ile inayozunguka. Ikiwa tayari uko ardhini mwaka mmoja au miwili, unaweza kufukua na kukata mzizi unaolikaba shina. Zaidi ya hapo afadhali upande mpya.

Kivuli nacho hudumaza. Kati ya ukuta wa mpaka na ghorofa la jirani, mutamaiyu utarefuka mwembamba ukitafuta jua na hautafunga majani. Tafuta mahali penye jua angalau nusu ya siku, mita tano au zaidi kutoka ukutani na kutoka kwenye tangi la maji taka, na pasiwe chini ya nyaya za stima. Hufika mita 15 ukiachwa.

Majani machanga ni manjano, mishipa ni kijani

Chimba utafute simiti. Nyua nyingi za Nairobi zimelala juu ya mabaki ya ujenzi: vumbi la mawe, chokaa, mapande ya zege yaliyozikwa ili kiwanja kionekane safi siku ya kukabidhiwa. Chokaa huzuia mti kunyonya chuma, na dalili huanza kwenye majani mapya. Toa takataka hizo kadiri mkono unavyofika, weka udongo mzuri na majani yaliyooza. Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika uani, iliyobana shina pia iondolewe. Acha duara wazi la mita moja kila upande.

Majani yana masizi, au vidoa vyeupe

Masizi yanayofutika kwa kidole ni ukungu unaoota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu gamba, wale wanaoonekana kama vipele vya kahawia vilivyoganda kwenye vijiti. Fuata chungu, yaani sisimizi, wanaopanda shinani, watakupeleka moja kwa moja. Kwa mti mdogo, vikwangue kwa mswaki wa zamani, kisha nyunyiza maji ya sabuni ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, jioni jua likishapoa, ukilenga chini ya majani. Rudia kila wiki mara tatu. Zuia chungu wasipande, kwa sababu wanawalinda wadudu hao kama mifugo.

Vidoa vingi vyeupe juu ya jani, na chini yake matone meusi yaliyokauka, ni kazi ya kunguni wa majani wenye mabawa kama wavu. Dawa ni ile ile ya sabuni. Mti mkubwa wenye nguvu huyavumilia yote haya. Ukiona unashambuliwa kila msimu, rudi chini ukachunguze mizizi, kwani mti dhaifu ndio huvamiwa.

Mche umelala asubuhi

Jana ulikuwa umesimama, leo umelala, na ukiushika unatoka mkononi bila mizizi. Huyo ni fuko. Yuko zaidi upande wa udongo mwekundu, na utaona vichuguu vibichi vya udongo laini bila tundu la wazi. Anatafuna mizizi kutoka chini mpaka shina likae kama kigingi kilichochongwa. Wanaotega mitego wanajua njia zake. Mwite anayeijua kazi hiyo. Kwa mche unaofuata, zungushia shimo wavu wa waya wenye matundu madogo, uache kitako wazi kidogo katikati ili mzizi mkuu ushuke.

Shina likiwa limefunikwa ganda la udongo mkavu, ni mchwa. Huanza na gome lililokufa au matandazo yaliyogusana na shina, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, na bandua ganda hilo kila uendapo. Gome likiwa limekatwa duara usawa wa nyasi, muulize anayefyeka. Slasha na mashine ya nyasi zimeua miche mingi Nairobi kuliko wadudu wote niliowataja. Ng'oa nyasi kuzunguka mche kwa mkono, uweke mawe, mkataji asipate sababu ya kusogea.

Mbegu haioti, matunda yana funza

Kokwa ni gumu. Osha nyama ya tunda lililoiva likawa jeusi la zambarau, kausha kivulini, kisha pasua ganda la kokwa kwa upole bila kuponda kiini, uloweke siku mbili. Hata hivyo huota moja moja kwa wiki nyingi. Ukikosa uvumilivu, kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kule Muguga kinauza mbegu za miti ya asili.

Funza ndani ya matunda ni wa nzi wa zeituni, mwenyeji wa Afrika kama mti wenyewe. Usinyunyize kitu. Shore na njiwa watayala na funza wake, na mbegu watazipeleka wanakojua wao.

Mche mdogo wa mzee sasa uko juu ya tuta lake nyuma ya jiko, kiunoni kwangu. Msimu huu umetoa vichipukizi kumi na kimoja; nimevihesabu. Kila mvua kubwa ikiisha mimi huenda na kijiti nikakichomeka hadi chini, nikakivuta, nikakinusa.